Miezi Mitatu Mdomoni, Wiki Sita Kwenye Kadi

"Nina mimba, mama. Ya miezi mitatu."

Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita, na najua wengine wenu mlicheka hadi gazeti likawadondoka. Chekeni tu. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimelala chali sakafuni, saa nne asubuhi, miguu juu ya kochi, na mama mkwe kasimama mlangoni na begi lake mkononi.

Kwa aliyechelewa, mkasa ni huu. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha nguo chafu, chini ya msimamizi tunayemwita Pasi, maana muda wote yuko moto. Nilimdanganya Pasi kwamba mgongo unaniuma, akanipa siku tatu. Siku ya tatu, Jumamosi, nikaenda kuwavutia kamba wanawake wa mtaa wetu dhidi ya mtaa wa pili. Mimi ndiye niliyewekwa mwisho wa kamba, kwa sababu ya uzito wa makalio yangu, na wala sikuona haya.

Tulishinda. Lakini kwenye mvuto wa mwisho nilisikia kitu kiunoni kikisema ta! Maumivu yakashuka, yakapita kalio la kushoto, yakateremka nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu, kama nimekanyaga waya wa umeme.

Nilidanganya mgongo, mgongo ukanijibu.

Jumatatu asubuhi mama mkwe akaingia bila taarifa. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, miaka thelathini na moja kazini, na hajawahi kunikubali. Aliwahi kusema mbele ya ndugu zake wote kwamba mwanawe ameoa godoro. Sasa anafungua mlango, anakuta godoro lenyewe limelala sakafuni na vyombo vya jana viko kwenye karo.

Ningemwambia nimeumia kwa kuvuta kamba siku niliyoomba ruhusa ya ugonjwa? Mdomo uliniponza.

"Miezi mitatu?" akauliza, begi likimtoka mkononi.

"Mitatu, mama."

"Na umelala sakafuni?"

"Kizunguzungu."

Akakunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua. Sikujua anahesabu nini. Kisha akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akaenda moja kwa moja kwenye karo.

Naungama hapa hadharani: siku ile nilifaidi. Kila nikitaka kuinama anapiga kelele, "Acha! Utamkunja mtoto!" Chai naletewa. Mto nawekewa chini ya magoti. Miaka minne ya ndoa nilikuwa sijawahi kuona kikombe kikinifuata. Nilikuwa nakifuata mimi.

Raha hiyo iliisha saa kumi na moja jioni, mume wangu aliporudi.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mama yake alimpa habari pale pale mlangoni, kabla hajaweka chini sanduku la spana. Akaja chumbani. Akafunga mlango polepole, kama anavyofunga lifti asiyoiamini.

"Hongera," akasema.

"Asante."

"Miezi mitatu."

"Ndiyo hivyo."

"Miezi mitatu iliyopita mimi nilikuwa mji wa mbali, nafunga lifti ya ghorofa kumi na moja. Nilikaa huko wiki kumi. Nimerudi juzi juzi tu, hata mwezi haujatimia sawasawa." Akakaa pembeni ya kitanda. "Sasa naomba unieleze, mke wangu, taratibu, nani aliyepanda na nani aliyeshuka."

Nilitapika kila kitu. Pasi, ruhusa, kamba, ta, sakafu, mdomo. Nilimwambia hakuna mimba, hakuna mwanamume, kuna mgongo tu.

Akanitazama. Akachukua mto, akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Mwanamume alikuwa anacheka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na kila kikigonga mimi naumia.

Alipomaliza akawa fundi tena. "Haya. Mama atashushwaje huko juu ulikompandisha?"

"Sijui."

"Tumwambie imetoka."

Miaka miwili nyuma ilitoka kweli, ya wiki kumi. Tulilia wawili, tukafuta machozi wawili, hatukumwambia mtu, hata yeye mama.

"Hiyo hapana," nikasema. "Uongo wote niletee. Huo siugusi."

Akanishika mkono. "Hapana kweli. Nisamehe."

Tukakubaliana hivi: Alhamisi niende hospitali nikatibiwe mgongo, na nikirudi nimwambie mama ukweli macho kwa macho, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

Mpango mzuri. Ila kulikuwa na kasoro moja: nani amemwambia mkunga mstaafu akae nyumbani wakati mkwewe mjamzito anakwenda hospitali?

Alhamisi tukaingia wawili, mimi na mama mkwe, kwa daktari wa mifupa, mwanamama mwembamba mwenye miwani ya kamba. Nikalazwa kitandani. Akaninyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika hata usawa wa kifua chake nikapiga ukunga uliowafanya wagonjwa wa nje kuhama benchi.

"Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Basi utanielewa upesi. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu kama mto mdogo. Ndiyo diski. Wako umepasuka foronya, pamba imechungulia nje, na imekwenda kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana kiuno kimeumia lakini kidole ndicho kinacholalamika. Ulinyanyua nini?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akafungua wake kwanza.

"Mashuka, daktari. Kazini wanambebesha mashuka yaliyolowa."

Nikafunga mdomo.

"Dawa zipo," daktari akaendelea. "Tunaanza na vidonge vya kupunguza uvimbe na mazoezi. Visipotosha, kuna sindano tunayochoma karibu na mshipa, tukiongozwa na eksirei. Mguu ukianza kulegea, tunafikiria kisu. Leo nakutuma kwanza eksirei, halafu..."

"Eksirei?" Mama mkwe alisimama. "Umwagie mjukuu wangu miale? Mwanangu huyu ana miezi mitatu!"

Kalamu ya daktari ikasimama hewani. Akanitazama. Nikamkonyeza. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza kama ugonjwa umepanda hadi kwenye jicho.

"Ni kweli una mimba?"

Kulia kwangu mama mkwe. Kushoto ukuta. "Ndiyo... yaani... wanasema."

"Wanasema nani?"

"Watu."

Daktari akaandika kwenye karatasi. "Vidonge ninavyovitaka sikupi kama una mimba. Eksirei sikupeleki, na sindano inasubiri. Kwa hiyo kabla ya yote, mkojo. Chumba namba sita."

Wasomaji, mnaona nilivyojifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikaumeza? Mguu unawaka moto, dawa iko mezani, na kinachonizuia kuipata ni mtoto niliyemzaa kwa ulimi.

Kwenye korido nilimvuta pembeni muuguzi mwenye vikopo.

"Dada, nisaidie. Mimba haipo. Andika tu haipo, mpe daktari kwa siri, yule mama asisikie."

"Unajuaje haipo?"

"Kwa sababu niliitunga mwenyewe!"

Muuguzi akanipa kikopo. "Nenda kakojoe."

Nikakojoa. Nikarudi nikakaa kwa kalio moja, kalio la kulia, nikijiandaa kwa fedheha. Nilishapanga hata maneno: mama, nisamehe, shetani alinipitia.

Daktari akaita jina langu, akamwomba mama mkwe abaki nje. Mkunga alinuna, ila sheria za hospitali anazijua. Mlango ukafungwa.

"Muuguzi kaniambia uliitunga?" daktari akauliza.

"Naomba radhi, daktari. Nilikuwa nimebanwa."

"Ulitunga vizuri. Ipo."

"Nini ipo?"

"Mimba. Damu yako ya mwisho uliona lini?"

Nikahesabu. Nikarudia. Nilikuwa nimedhani kuchelewa kwangu ni kazi ya uchovu. "Wiki sita."

"Basi tuandike wiki sita."

Nilianza kucheka. Nikacheka mpaka mguu ukanikata, kisha kicheko kikageuka chenyewe, na daktari akanisogezea boksi la tishu bila kuniuliza. Nilipopata sauti nilimwambia kila kitu, kamba na yote, pamoja na jambo nililokuwa namficha hata mume: tangu Jumamosi nilikuwa nameza vidonge vya maumivu vya rangi ya waridi nilivyopewa na jirani, viwili asubuhi, viwili jioni.

"Je, nimemuua?"

"Hapana, hilo usilibebe. Wengi humeza kabla hawajajua. Ila kuanzia sasa unaviacha kabisa, na kidonge chochote, hata cha kichwa, unaniuliza kwanza."

"Na kamba?"

"Kamba imepasua diski. Tumbo halikuhusika."

"Ile ya kwanza ilitoka wiki ya kumi, daktari."

Akavua miwani. "Siwezi kukuahidi kitu ambacho mwili haujaamua. Naweza kukuahidi kwamba tutakuwa wawili tunaoangalia, mimi na daktari wa uzazi. Mgongo wenyewe, wengi wenye diski kama yako hupoa ndani ya miezi miwili mitatu bila kisu. Kadiri tumbo litakavyokua, mzigo utaongezeka na viungo vitalegea, kwa hiyo utasumbuka. Lakini watu wanabeba, wanajifungua, na wengi wanajifungua kawaida tu. Nakupa panadoli na mtu wa mazoezi ya viungo. Lala ubavu, mto kati ya magoti. Usikae kitandani siku nzima kama mgonjwa, tembea. Mashuka yaliyolowa, mwiko."

"Na mguu ukizidi?"

"Kuna kipimo cha sumaku, hakina miale, tutakitumia ikibidi. Lakini sikia: ukishindwa kuzuia mkojo, au ukashindwa kuutoa, au ukafa ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukakataa kukunyanyua, hungoji kesho. Unakuja saa ile ile, hata kwa kukodi mkokoteni. Hapo ndipo tunapasua hata mwenye mimba."

Nikatoka na kadi mpya mkononi. Juu yake, kwa wino wa bluu: wiki sita.

Nilikuwa na mimba ya kweli na ya uongo kwa wakati mmoja, na hazikuwa na umri sawa.

"Nipe kadi nione," mama mkwe akasema tulipoingia kwenye teksi.

"Daktari kasema mtu mwingine asiisome."

"Mimi nimeandika kadi ngapi maishani mwangu?"

Nikaikalia. Kwa kalio lile lile la kushoto. Njia nzima, kila shimo dereva aliloingia nililisikia mpaka kwenye kidole, na mama mkwe anatazama dirishani kimya, shingo imekaza.

Mume wangu aliomba ruhusa akarudi mapema, kwa ajili ya ule ukweli niliokuwa niutoe. Nilimvuta hadi chumbani.

"Umemwambia mama?" akanong'ona.

"Bado. Sikiliza. Nina mimba."

Akafumba macho. "Mke wangu. Tulisema ushuke. Wewe unapanda."

"Nina mimba ya kweli!"

"Na kesho utaniambia ni mapacha. Keshokutwa mmoja ana meno."

Nikamtupia kadi. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akaisoma mhuri, akairudisha mbele. Akakaa sakafuni. Mwanamume anayening'inia ghorofa ya kumi na moja kwa mkanda mmoja, leo kazulia kamemshinda. Akaweka mkono juu ya mguu wangu wa kulia, ule usiouma, akauacha hapo.

"Kweli?" akasema.

"Kweli."

Tukakaa hivyo. Nilitamani hadithi yangu niimalizie pale, nichukue posho yangu ya gazeti, nikalale ubavu.

Lakini mume wangu ni mtu wa vipimo. Nilimwona midomo ikicheza.

"Wiki sita," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nina wiki nne tangu nirudi. Nne na siku tatu."

"Hospitali wanahesabu tofauti. Wanaanzia damu ya mwisho, siyo siku yenyewe. Wanakuongezea wiki mbili za mwanzo ambazo mtoto hata hajaanza."

"Wanakuongezea."

"Ndiyo!"

"Wiki mbili za bure."

"Wallahi ndivyo wanavyohesabu!"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikuona mzaha kwenye uso wake. Nilielewa. Mke aliyemdanganya Pasi, aliyemdanganya mama, leo anakuja na hesabu ambayo mimba ina umri mkubwa kuliko safari ya kurudi. Hata mimi nisingejiamini. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini hakuna aliyeniambia kwamba ukigeuka kuirudia ni mlima.

"Yupo mtu mmoja humu ndani anayejua hesabu hizo," akasema taratibu.

"Usimwite."

"Akisema ni kweli, nitaamini."

"Usimwite, nakuomba. Akiiona hiyo kadi atajua miezi mitatu ilikuwa uongo!"

"Mke wangu, chagua. Unataka kuonekana mwongo kwa mama, au kwangu?"

Nikauma mdomo. Mguu unawaka, mtoto wangu ana saa mbili tu tangu nimjue, na tayari anatafutiwa baba.

"Mwite," nikasema.

Mama mkwe akaingia akijifuta mikono. Mume wangu akampa kadi. Akavaa miwani, akaisoma kama anavyosoma mtu aliyeandika kadi za aina hiyo miaka thelathini na moja, jicho likaenda moja kwa moja panapohusika.

Vidole vikaanza kukunjwa. Nikaangalia ukuta.

"Mama," mume wangu akasema, "hizo wiki sita zinahesabiwa kuanzia lini?"

"Kuanzia damu ya mwisho. Mimba yenyewe inaingia kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo hapa toa mbili." Akamtazama mwanawe juu ya miwani. "Wewe umerudi lini?"

"Wiki nne na siku tatu."

"Basi hukupoteza muda."

Mume wangu aligeuka rangi nisiyoijua. Akanikumbatia vibaya, kwa upande unaouma, nikapiga yowe, akaomba radhi, akalia kidogo, akacheka kidogo, akanibusu utosi.

"Toka nje," mama yake akamwambia. "Funga mlango."

Akatoka. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Mama, nisamehe," nikaanza. "Ile miezi mitatu..."

"Mwanangu alikuwa ananipigia simu kutoka huko kila Jumapili. Unadhani sijui kuhesabu?"

Nikatazama kucha zangu.

"Nilijua siku ile ile huna miezi mitatu. Nikasema, acha nimhudumie mpaka aone aibu. Nimekuosha vyombo siku nne nikingoja uone aibu." Akatikisa kichwa. "Huna kabisa."

"Ninayo, mama. Ilikuwa inachelewa."

Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Nilikuwa sijawahi kuuona ukicheza.

"Sasa sikia. Ulipokwenda kukojoa, simu yako uliniachia kwenye mkoba. Ikaita. Nikapokea. Ni huyo msimamizi wako. Mwanamke ana sauti kama jiko la mkaa."

Damu ikanishuka hadi kwenye kidole kile kile. "Alisema nini?"

"Alisema ametumiwa picha. Jumamosi, wanawake wanavuta kamba, na wa mwisho kamba imemzunguka kiuno. Akasema mgongo unaouma hauvuti hivyo, na kwamba wewe kazi basi."

"Mungu wangu."

"Nikamuuliza, uso unaonekana? Akasema hapana, picha imepigwa kwa nyuma. Kilemba na makalio. Nikamwambia, mwanangu, huna haya? Umeshindwa kututofautisha? Huyo siyo mkwe wangu." Akajipiga kifua. "Huyo ni mimi."

Nilimtazama. Miaka sitini na nane. Anapanda ngazi tatu akipumzika mara mbili.

"Mama! Amekubali?"

"Hajakubali. Kasema atakuja mwenyewe amwone huyo bibi."

"Lini?"

Nje honi ililia mara mbili, nami naijua honi ile kama ninavyoijua harufu ya sabuni: gari la kiwandani la kusambazia mashuka. Mlango wa mbele ukagongwa. Nikasikia mume wangu akifungua, akisalimia, akikaribisha.

"Mama!" akaita kutoka sebuleni, sauti imejaa heri. "Kuna mgeni. Anasema anataka kuongea na bingwa wa kamba!"

Mama mkwe akasimama. Akachukua kilemba changu kwenye kiti, akakifunga kichwani, akavuta gauni nyuma, akaninong'oneza sikioni:

"Haya, upesi. Kamba inashikwaje?"